"Sina chenji": hasara ambayo daftari la duka haliioni

Saa moja asubuhi, mteja amesimama dirishani mwa duka na noti ya shilingi 1,000 ya Kenya mkononi. Anataka mkate na paketi ya maziwa. Muuzaji anavuta droo, anapekua, anaisukuma ndani. "Mama, huna ndogo?" Hana. Hapo muuzaji ana njia nne, na kila aliyewahi kununua sukari mtaani anazijua zote. Atamwomba mteja asubiri, akimbie kwa jirani kutafuta chenji huku duka limebaki wazi. Atampa peremende mbili na kiberiti kujazia pengo. Atamwambia achukue tu, atalipa akipita jioni. Au atamwacha aende.

Hiyo ya nne ndiyo makala hii inaihusu. Mteja aliyeondoka na noti yake haandikwi popote. Daftari la mauzo linaandika kilichouzwa, daftari la madeni linaandika aliyekopa, na stoo inaonyesha kilichobaki. Mauzo ambayo hayakutokea hayana ukurasa.

Wanauchumi watatu, Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson, waliamua kuyatafutia ukurasa huo. Walifuatilia biashara ndogondogo nchini Kenya, wakahesabu ni mara ngapi mauzo yanapotea kwa kukosa chenji tu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014 katika jarida la Journal of Development Economics. Makadirio yao: kukosa chenji kunazigharimu biashara hizo kati ya asilimia 5 na 8 ya faida yote.

Si mauzo, faida. Na dawa yake si mkopo wa benki, si mashine, si shahada. Ni kubakiza sarafu na noti ndogo za kutosha kwenye droo.

Ndiyo maana utafiti huu mdogo unastahili nafasi kubwa kuliko tafiti nyingi za usimamizi zinazosifiwa kwenye makongamano. Ukimwambia mtu wa nadharia kwamba mwenye duka anapoteza asilimia 5 ya faida kila siku kwa jambo linalotibika bure, atakujibu kwamba lazima kuna sababu iliyofichika. Pengine hana mtaji wa kuacha sarafu zikae bure. Pengine anaogopa wezi. Pengine chenji haipatikani kwa bei nafuu. Watafiti hawa walipima maelezo ya aina hiyo moja baada ya jingine, wakabakiwa na lililo jepesi kuliko yote: mwenye duka hajaliweka jambo hilo akilini. Analijua, maana hata wewe ukimuuliza atakwambia chenji inasumbua. Ila hajawahi kukaa akalijumlisha.

Ushahidi wao ni wa kuvutia. Kwa mpangilio wa bahati nasibu, walijaribu njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumtembelea mfanyabiashara kila wiki na kumuuliza ni mauzo mangapi yamempotea kwa kukosa chenji. Hakupewa pesa, hakufundishwa, hakushauriwa. Aliulizwa tu. Ya pili ilikuwa kumwonyesha waziwazi hesabu ya kile anachopoteza. Njia zote mbili zilibadilisha jinsi watu wanavyotunza chenji, na mauzo yaliyopotea yakapungua. Soma tena ile ya kwanza: dodoso lilifanya kazi ya semina.

Tuiweke kwenye tarakimu za duka la kawaida. Mfano huu ni wa kufafanua tu, badilisha namba uweke zako. Duka linauza shilingi 8,000 kwa siku, na faida ghafi ni asilimia 12, yaani shilingi 960. Kwa siku wateja wanne wanaondoka kwa kukosa chenji, kila mmoja alikuwa na ununuzi wa wastani wa shilingi 120. Mauzo yaliyopotea ni 480, na faida iliyomo ndani yake ni takriban 58. Gawanya 58 kwa 960: asilimia 6. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, ni shilingi 1,508.

Sasa, ili wateja wale wanne wasiondoke, inahitajika chenji ya kiasi gani? Tuseme shilingi 1,500 zaidi ya ile iliyozoeleka. Watu wengi hukosea hapa: huihesabu chenji kama matumizi. Si matumizi. Shilingi 1,500 za sarafu bado ni shilingi 1,500, zimebadilika umbo tu. Ukifunga duka kesho utaondoka nazo. Gharama yake halisi ni kwamba pesa hizo hazitanunua bidhaa, na ni bidhaa ngapi kwenye rafu zinazorudisha mtaji wake wote kama faida ndani ya mwezi mmoja? Katika mfano huu, chenji inafanya hivyo.

Kuna tahadhari moja ya kihesabu. Mteja aliyekwenda kwa jirani akapata mkate wake hakupotea sokoni, amehama tu. Kwa hiyo asilimia 5 hadi 8 ni hasara ya duka moja likitazamwa peke yake. Maduka yote ya mtaa yakijaza droo kwa wakati mmoja, kila moja halitavuna kiasi hicho, maana baadhi ya "wateja wapya" ni wale wale wanaozunguka. Anayeanza peke yake ndiye anayefaidi zaidi. Hilo watu wa sera hulisahau wanapochukua matokeo ya duka moja na kuyazidisha kwa maduka ya nchi nzima.

Asilimia 5 hadi 8 ni nyingi au kidogo? Ipime kwa kitu ambacho serikali na wafadhili hukitumia pesa nyingi: mafunzo ya biashara. David McKenzie wa Benki ya Dunia alikusanya matokeo ya majaribio ya mafunzo katika nchi zinazoendelea na kuyachapisha mwaka 2021. Kwa wastani, mafunzo yaliongeza mauzo kwa asilimia 4.7 na faida kwa asilimia 10.1. Siku kadhaa darasani, mkufunzi, kitabu, chai na vitumbua, nauli, na mwenye biashara kufunga duka ili ahudhurie, na vyote hivyo vinazaa kitu kisichopishana mbali na kile kinachovuja kwenye droo ya sarafu. Sisemi mafunzo hayana maana. McKenzie mwenyewe aliandika makala ile kuwajibu waliokuwa wakisema mafunzo hayafai kitu. Hoja yake ni kwamba majaribio mengi yalikuwa na biashara chache mno kiasi kwamba ongezeko la asilimia 5 au 10 lisingeweza kuonekana hata kama lipo.

Hoja hiyo ya kitakwimu inamhusu mwenye duka kuliko anavyodhani. Duka la wastani wa shilingi 8,000 kwa siku huuza 5,500 Jumanne ya katikati ya mwezi na 11,000 siku mishahara ikitoka. Katika mawimbi hayo, faida ya shilingi 58 haionekani kwa macho. Ukijaza droo Jumatatu, Ijumaa huwezi kusema kama imesaidia. Mvua ya Jumatano peke yake imekuletea tofauti kubwa zaidi. Kwa hiyo kumwambia mtu "jaribu uone" hakumsaidii. Jumla ya mauzo haiwezi kumwonyesha. Inabidi ahesabu kitu chenyewe: walioondoka.

Hesabu hiyo haihitaji programu ya simu. Chukua ukurasa wa mwisho wa daftari, uugawe safu tatu za wima. Safu ya kwanza: chenji. Ya pili: bidhaa imeisha. Ya tatu: bei. Kila mteja anayeondoka mikono mitupu anapata kistari kimoja kwenye safu yake, na pembeni ya kistari kadirio la alichotaka kununua: 65, 120, 30. Kistari kiwekwe palepale, mteja angali anavuka barabara. Ukisubiri jioni utakumbuka wawili tu, yule mwenye noti kubwa na yule aliyeondoka akifyonya. Aliyesema "nitarudi" ni kistari pia. Akirudi kweli, kata kistari chake. Aliyesubiri ukimbie kwa jirani akanunua si kistari, lakini weka nukta, maana ulitoka dukani na hujui nani alipita ukiwa haupo.

Siku kumi na nne zinatosha, mradi ndani yake kuna mwisho wa mwezi. Wiki moja ya katikati ya mwezi itakudanganya, kwa sababu noti kubwa hazijatoka.

Sasa, kwa nini chenji huisha? Wengi wanajibu kwamba wateja wanaleta noti kubwa. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni mwenye duka mwenyewe anavyozitoa sarafu asubuhi. Gari la mkate linafika alfajiri, na anayepokea mkate anamlipa dereva kwa kilichomo kwenye droo: sarafu za jana. Anakuja wa maziwa, naye analipwa noti za hamsini na mia. Saa moja kamili, wateja wa shule na wa kazini wanapoanza kuja, droo imebaki na noti mbili za mia tano. Muuza mkate yeye hana shida na noti kubwa. Anakusanya kwa maduka mengi, noti ya 1,000 kwake ni nyepesi kubeba. Kwa hiyo kanuni ya kwanza: wasambazaji walipwe noti kubwa au kwa simu, na sarafu zisitoke mlango wa nyuma. Kanuni hiyo moja, bila kuongeza hata shilingi, hubakiza droo hai hadi saa nne.

Pili, kiwango cha chini. Mathalani, katika shilingi za Kenya, droo isifunguliwe asubuhi bila sarafu ishirini za 10, kumi na tano za 20, kumi za 5, noti kumi za 50 na tano za 100. Jumla yake ni 1,550. Zifungwe kwenye mfuko wake tangu usiku, kabla ya kuhesabu mauzo, si baada. Ukihesabu mauzo kwanza, mkono utachukua zilizo nzima na jicho litasema "hizi zinatosha".

Tatu, pahali pa kuzipata. Makondakta wa matatu na daladala wanamaliza siku na mifuko imejaa. Mama anayeuza mboga sokoni naye. Misikiti na makanisa baada ya sadaka vilevile, na watunza fedha wake hufurahi kubadilishiwa, maana benki kuhesabu sarafu ni foleni ndefu. Anayekuomba ada ya kubadilisha, piga hesabu: kwa mfano wetu, kulipa shilingi 20 kwa kila 1,000 bado ni nafuu kuliko kuwapoteza wale wateja wanne kwa siku. Biashara ya kadogo, ile ya kupima mafuta ya shilingi 20 na sukari ya 30, inahitaji chenji nyingi kuliko duka linalouza kwa paketi, kwa hiyo kiwango chake kiongezwe.

Mtu atasema haya yamepitwa na wakati, siku hizi watu wanalipa kwa simu. Kweli, Lipa na M-Pesa nchini Kenya na Lipa Namba Tanzania zimepunguza tatizo. Lakini mteja wa mkate wa asubuhi mara nyingi ndiye yule ambaye simu yake haina salio, au imezima, au mtandao umegoma saa ileile ya watu wengi. Na simu imeleta uvujaji wake: muuzaji anayesubiri ujumbe wa uthibitisho dakika mbili huku watu watatu wamepanga foleni anapoteza wa tatu. Huyo apewe safu ya nne kwenye daftari. Tabia ni ileile, kitu kidogo kinachojirudia ambacho hakuna anayekijumlisha.

Safu ya pili, ya bidhaa iliyoisha, ina utafiti wake pia. Michael Kremer na wenzake waliochunguza maduka ya rejareja Kenya walikuta wenye maduka wakikosa faida ya wazi kwa kutoweka akiba ya kutosha ya bidhaa na kwa kutofikia kiwango cha kupata punguzo la jumla, ingawa mapato ya kuongeza mzigo kidogo yalikuwa makubwa. Hapo mambo si mepesi kama chenji. Bidhaa zinaharibika, zinaliwa na panya, zinakopwa na ndugu. Sitaiingiza zaidi, inahitaji makala yake.

Ninachotaka kukaa nacho ni lile swali la kila wiki, kwa sababu tafiti nyingine za karibuni zinazungukia mlango uleule. Huko Dandora, Nairobi, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwalinganisha wanawake wafanyabiashara wadogo waliopewa darasa la biashara na wale waliounganishwa na mwenzao mzoefu wa mtaa huohuo. Darasa halikuongeza faida. Mwenzao mzoefu aliongeza faida kwa asilimia 20 kwa wastani. Alichowapa kilikuwa cha mtaani kabisa: nani anauza mzigo kwa bei nafuu. Na uhusiano ulipovunjika, faida nayo ikashuka. Jina la muuza jumla wa mwaka jana halikusaidii mwaka huu akipandisha bei, unahitaji mtu wa kukwambia hamia kwa mwingine.

Mbali zaidi, karibu na Mumbai, Nicholas Bloom na wenzake walipeleka washauri katika viwanda vya kufuma nguo na kuwawekea kanuni 38 za kila siku: kurekodi kasoro, kupanga nyuzi stoo, kuhudumia mashine kabla hazijaharibika. Tija ilipanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Walipovitembelea tena viwanda hivyo baada ya miaka tisa, karibu nusu ya kanuni zilizokuwa zimepokelewa zilikuwa zimeachwa, na sababu zilizotajwa sana ni kwamba meneja aliyezishika ameondoka, au mkurugenzi hana muda. Faida za kanuni hizo zilikuwa zimeshapimwa. Aliyekuwa akiuliza ndiye hayupo.

Jaribio jipya zaidi ni la akili mnemba. Wafanyabiashara 640 nchini Kenya waligawanywa, baadhi wakapewa mshauri wa programu ya GPT-4 kupitia WhatsApp, wengine vitabu vya mafunzo vya kawaida. Kwa wastani hakukuwa na tofauti. Ukiwatenganisha, waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kimauzo na kifaida kwa zaidi kidogo ya asilimia 15, na waliokuwa wakiyumba walishuka kwa karibu asilimia 8. Watafiti walipochungulia mazungumzo, waliona wanaoyumba walikuwa wakiuliza maswali mazito zaidi. Hapa natoa maoni yangu: mshauri huyo hujibu anachoulizwa, na hakuulizi wewe. Mwenye duka anayepoteza wateja wanne kwa siku kwa kukosa sarafu, asiyejua kwamba anawapoteza, atamuuliza jinsi ya kuongeza wateja. Atajibiwa atangaze, apunguze bei. Atapunguza bei, wateja wataongezeka, na watakuja na noti za 1,000.

Kwa anayetaka kulitumia swali la wiki, lipewe siku na mtu. Jumamosi jioni, mke au mume, au mwenzako wa chama cha kuweka akiba, anauliza maswali matatu tu: wangapi wameondoka kwa chenji, wangapi kwa bidhaa kuisha, bidhaa gani. Mjibu kwa daftari likiwa wazi. Wanachama wa chama wakiwa na maduka, kila mmoja ataje namba yake kabla ya kutoa mchango. Mwenye kusema "sifuri" wiki tatu mfululizo hajahesabu.

Mpango huu huvunjika sehemu moja mara nyingi kuliko zote: kijana anayekaa kaunta. Kwake kila kistari ni ushahidi dhidi yake, ni kama anajiandikia onyo. Hataweka. Au ataweka kimoja kwa siku ili ukurasa usionekane mtupu. Kumwambia "hutafukuzwa" hakutoshi. Mwenye duka akae kaunta siku mbili za kwanza, aweke vistari vyake kwa mwandiko wake, tisa kumi kwa siku kama ndivyo ilivyo, na daftari libaki pale juu ya mizani kijana alione akifungua asubuhi. Na akiomba chenji zaidi kwa sababu ya kilichoandikwa, apewe siku hiyohiyo. Akiambiwa "tutaona", safu ya kwanza itakuwa safi kuanzia kesho yake.